SOMO: KUONGEZA NGUVU YA GIA KATIKA GARI KUUKUU LA CHAMA

Vyama vingi vya msingi vilivyo milimani vina gari moja tu, nalo aghalabu ni kuukuu. Gari hilo ndilo linalopeleka mbolea na dawa kwa wanachama, ndilo linaloleta mazao ghalani, na ndilo linalomfikisha mwanachama mgonjwa hospitali usiku wa mvua. Likikwama, kazi ya chama hukwama pamoja nalo.

Msimu wa mvua unapoanza, dereva huleta habari kwa Katibu kwamba gari halivuti tena mlimani. Fundi huitwa, naye hushauri gia zibadilishwe ili gari lipate nguvu zaidi. Kamati hukutana na kuombwa iidhinishe fedha kwa jambo ambalo wajumbe wengi hawalifahamu. Wengine hukubali kwa kumwamini fundi. Wengine hukataa kwa kumshuku. Imani hiyo na shuka hiyo hazitoshi kuwa msingi wa kutumia fedha za wanachama.

Somo hili halikusudiwi kumfanya Katibu awe fundi. Limekusudiwa kumwezesha yeye na Kamati kujua maswali ya kuuliza, vipimo vya kudai, na mabadiliko yatakayotokea katika vitabu vya chama baada ya kazi kufanyika.

1. MAANA YA UWIANO WA GIA

Mtu anayetaka kung'oa jiwe kubwa shambani huchukua mtaimbo mrefu. Mkono wake husafiri mbali, jiwe husogea kidogo, lakini husogea. Amebadilisha mwendo kuwa nguvu. Gia za gari hufanya kazi iyo hiyo. Injini huzunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja, na kadiri mizunguko ya injini inavyozidi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, ndivyo gurudumu linavyopata nguvu kubwa na mwendo mdogo. Hesabu hiyo ya mizunguko ndiyo iitwayo uwiano wa gia.

Katika gari la magurudumu manne yavutayo, mwendo wa injini hupunguzwa mahali patatu. Kwanza ni katika giaboksi kubwa, ambayo dereva huibadilisha kila mara. Pili ni katika giaboksi ndogo iliyo nyuma yake, ambayo hugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ina gia mbili: ya juu kwa barabara nzuri na ya chini kwa njia mbaya. Tatu ni katika difu, iliyomo ndani ya ekseli, ambamo pinioni ndogo huzungusha gurudumu kubwa la meno. Mathalani, pinioni yenye meno 10 ikizungusha gurudumu la meno 47, uwiano wa difu ni 47 kugawanywa kwa 10, yaani 4.7.

Ili kupata uwiano wa jumla, namba za mahali hapo patatu huzidishwa pamoja. Uchukuliwe mfano wa Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Gia yake namba moja ni 3.68, giaboksi ndogo ni 1.148 kwa gia ya juu na 2.35 kwa gia ya chini, na difu ni 4.7.

Kwa gia ya juu: 3.68 × 1.148 × 4.7 = 19.86
Kwa gia ya chini: 3.68 × 2.35 × 4.7 = 40.65

Maana yake ni kwamba katika gia ya chini injini huzunguka zaidi ya mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi la kipimo cha 7.50-16 lina kimo cha yapata sentimeta 80, na kila likizunguka husogeza gari yapata meta 2.5. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gari litakwenda kilometa 3.7 hivi kwa saa. Huo ni mwendo wa pole kuliko wa mtu anayetembea kwa miguu. Kwa mwendo huo huo wa injini katika gia ya juu, gari litakwenda kilometa 7.6 kwa saa, lakini kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya kwanza.

2. UCHUNGUZI KABLA YA MATUMIZI

Kabla ya kununua kipuri chochote, hapana budi ijulikane kwa nini gari lililoweza kupanda kilima miaka iliyopita haliwezi kukipanda leo. Kilima hakikuongezeka. Kitu fulani katika gari, au katika uendeshaji wake, kimebadilika. Mambo manne yafaa yachunguzwe, tena kwa mpango huu.

(a) Je, gia ya chini inatumika? Katika Land Rover za Series II na III, kirungu cha manjano kikikandamizwa chini huunganisha magurudumu ya mbele katika gia ya juu. Mkono wenye kirungu chekundu ukivutwa nyuma huingiza gia ya chini, na magurudumu ya mbele huungana yenyewe. Gia ya chini huingizwa gari likiwa limesimama kabisa. Wako madereva waliokabidhiwa magari hayo bila kufundishwa mikono hiyo miwili, nao hupanda milima kwa gia ya juu huku klachi ikiungua. Tena, kama ncha za magurudumu ya mbele zimefungwa vile vifungio vya kufungua na kufunga kwa mkono, vifungio hivyo visipofungwa magurudumu ya mbele hayatavuta, hata mikono yote ndani ya gari ikiwa mahali pake.

(b) Je, matairi ni ya kipimo cha asili? Tairi kubwa zaidi huondoa nguvu ya gia bila mtu kugusa gia yoyote. Tairi la kimo cha sentimeta 90 likiwekwa mahali pa la sentimeta 80, kila mzunguko husafiri mbali zaidi kwa kipimo cha 90 kugawanywa kwa 80, yaani 1.125. Nguvu hupungua kwa kipimo hicho hicho. Uwiano wa 40.65 hugeuka kuwa kama 36.1. Ili kuirudisha nguvu iliyopotea kwa njia ya difu, ingehitajika difu ya 5.29 badala ya 4.7. Kurudisha matairi ya kipimo cha asili ni kazi rahisi zaidi.

(c) Je, injini, klachi na breki ni nzima? Injini iliyochoka, klachi inayoteleza, au breki inayoshika gurudumu wakati wote, vyote huonekana kwa dereva kama "gari halivuti". Gia mpya haziponyi hata kimoja kati ya hivyo.

(d) Je, difu ni zile zile za asili? Swali hili ni la lazima kwa gari lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika. Range Rover za zamani, Discovery, na Land Rover 110 iliyotokea mwaka 1983 zilifungwa difu za 3.54. Baadhi ya wenye Land Rover za Series hutoa difu zao za 4.7 na kufunga hizo za 3.54 ili gari likimbie zaidi katika barabara ya lami. Gari la namna hiyo likiuzwa kwa chama cha milimani, uwiano wa gia ya chini ni 3.68 × 2.35 × 3.54, yaani 30.6 tu. Robo nzima ya nguvu imepotea, na hakuna alama yoyote ya nje inayoonyesha.

3. JINSI YA KUHESABU UWIANO WA DIFU

Difu inaweza kupimwa bila kufunguliwa. Mjumbe wa Kamati anaweza kusimama na kuhesabu kwa macho yake.

Gari liwekwe mahali tambarare. Magurudumu matatu yazuiwe kwa mawe au magogo, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Gurudumu moja la nyuma liinuliwe kwa jeki, na ekseli iegemezwe juu ya kigingi imara. Giaboksi iwe huru, na magurudumu ya mbele yasiunganishwe. Breki ya mkono ifunguliwe. Hapa pana hatari inayopasa kuelezwa wazi: katika Land Rover hizi, breki ya mkono haishiki magurudumu, bali hushika propela ya nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiisha kuinuliwa, breki hiyo haizuii tena gari kubingirika, hata ikivutwa kwa nguvu. Mawe pekee ndiyo yanayolizuia. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake.

Alama ya chaki iwekwe juu ya tairi na nyingine juu ya propela. Mtu mmoja alizungushe gurudumu lililoinuliwa mara 20 kamili, na mwingine ahesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa gurudumu la pili limetulia chini, difu huzunguka nusu tu ya mizunguko ya gurudumu lililoinuliwa, yaani mara 10. Kwa hiyo propela ikizunguka mara 47, difu ni ya 4.7. Ikizunguka mara 35 na kidogo, difu ni ya 3.54. Ekseli ya mbele ipimwe vivyo hivyo, na kama ina vifungio vya mkono, vifungwe kwanza.

4. NJIA ZA KUONGEZA NGUVU

Ikiisha kuthibitika kwamba gari ni zima na bado linahitaji nguvu zaidi, njia zilizopo ni hizi.

Njia ya kwanza ni ya matairi, nayo imekwisha kuelezwa. Haihitaji kufungua kitu chochote isipokuwa magurudumu.

Njia ya pili ni ya giaboksi ndogo. Njia hii ina faida kubwa, maana difu zote mbili hubaki kama zilivyo. Mfano mwema ni Suzuki. Giaboksi ndogo ya SJ410 ina 1.58 kwa gia ya juu na 2.511 kwa gia ya chini. Ile ya SJ413, iliyokuja baadaye na injini kubwa zaidi, ina 1.409 na 2.268. Anayetoa giaboksi ndogo ya SJ413 na kuweka ya SJ410 hupata nguvu zaidi kwa asilimia 11 au 12, kwa kutumia kipuri cha mtengenezaji yule yule.

Njia ya tatu ni ya difu. Land Rover ya difu za 3.54 ikifungwa za 4.7, nguvu huongezeka katika kila gia kwa kipimo cha 4.7 kugawanywa kwa 3.54, yaani yapata 1.33. Hilo ni ongezeko la theluthi. Lakini si kila difu huingia katika kila ekseli. Ekseli ya nyuma ya Land Rover 110 kwa miaka mingi ilikuwa ya namna nzito iitwayo Salisbury, ambayo haipokei difu ya ekseli ya mbele. Tena, mahali shafti za magurudumu zinapoingia katika difu pana meno ya ndani, 10 kwa nyingine na 24 kwa nyingine, nayo sharti yalingane na ya shafti. Kipuri kisinunuliwe kabla mambo hayo hayajahakikishwa.

Yafaa isemwe waziwazi kwamba Land Rover ya Series iliyo na difu zake za 4.7 na matairi yake ya asili imekwisha kuwa na gia nzito tangu kiwandani. Katika magari mengi ya namna hiyo, kazi inayotakiwa ni kurudisha kile kilichoondolewa, wala si kuongeza kitu kipya.

5. MBELE NA NYUMA SHARTI VILINGANE

Sharti moja halina msamaha: uwiano wa difu ya mbele na wa difu ya nyuma lazima uwe mmoja.

Ichukuliwe kwamba difu ya nyuma ya gari la chama imevunjika, na fundi akapata nyingine ya 3.54 katika gari bovu lililotupwa. Inaingia vizuri, gari linawaka, linatembea. Katika barabara kavu ni magurudumu ya nyuma tu yanayovuta, kwa hiyo hakuna dalili ya ubaya. Dereva hata husifu kwamba gari sasa lina mbio. Chama hulipa. Siku ya mvua, dereva anaunganisha magurudumu ya mbele. Propela zote mbili sasa huzunguka kwa mwendo mmoja, lakini difu ya nyuma hutaka magurudumu yake yaende upesi kuliko ya mbele. Ekseli hushindana zenyewe kwa zenyewe. Matairi huburutwa, na mahali penye mshiko imara shafti au meno ya gia huvunjika. Gari huharibika siku ile ile lililohitajiwa zaidi, na tena katika mteremko au kivukoni. Watu waliomo ndani ndio wanaolipa gharama ya kipuri kile rahisi.

Kwa sababu hiyo, Kamati isiidhinishe kubadilishwa kwa difu moja pekee ila baada ya kuhesabu mizunguko ya zote mbili kwa njia iliyoelezwa katika sehemu ya 3.

6. FAIDA NA HASARA

Gari lenye gia ya nguvu hupanda mlima bila kuchezewa klachi, hivyo klachi hudumu. Huvuka mawe polepole bila kurushwarushwa, na springi hupona. Zaidi ya yote, huteremka mlima likiwa limezuiwa na injini yenyewe, breki zikabaki baridi. Dereva anayeteremka kwa gia ya chini asikanyage klachi, maana akiikanyaga tu kizuizi hicho hutoweka.

Hasara nazo zipo. Katika barabara nzuri injini hupiga kelele, mwendo wa juu hupungua, na safari ndefu za mjini hula mafuta zaidi. Shafti za magurudumu hubebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Zile za nyuma za Land Rover za Series zinajulikana kwa kukatika dereva anapoachia klachi kwa ghafula. Tena, gia ya nguvu haiongezi mshiko wa tairi. Katika tope la utelezi, gia namba moja ya chini huzungusha magurudumu bure na kuchimba shimo. Aghalabu namba mbili ya chini hufaa zaidi.

7. SPIDOMITA NA DAFTARI LA SAFARI

Sehemu hii inamhusu Katibu kuliko wote. Katika Land Rover za Series, spidomita huzungushwa na shafti itokayo katika giaboksi ndogo, kabla ya difu. Basi difu au matairi yakibadilishwa, spidomita huanza kusema uongo, na daftari la safari husema uongo pamoja nayo.

Ichukuliwe kwamba gari hutumia lita 1 kwa kila kilometa 6, na kwamba safari za mwezi ni kilometa 600 za kweli. Mafuta ni lita 100.

Mfano wa kwanza: matairi ya sentimeta 80 yamebadilishwa na kuwekwa ya sentimeta 90. Spidomita itaonyesha 600 kugawanywa kwa 1.125, yaani kilometa 533. Kwa hesabu ya zamani, kilometa 533 zilistahili lita 89. Daftari litaonyesha kwamba lita 11 hazina maelezo. Dereva hakuiba hata tone, lakini akifikishwa mbele ya Kamati hana la kujitetea.

Mfano wa pili: difu za 3.54 zimebadilishwa na kuwekwa za 4.7. Spidomita itaonyesha 600 × 1.328, yaani kilometa 797, ambazo kwa hesabu ya zamani zingestahili lita 133. Sasa lita 33 zinaweza kupotea kila mwezi, na vitabu vikaonekana safi.

Kosa moja la kipimo laweza kumfukuzisha kazi mtu mwaminifu na kumficha mwizi. Dawa yake ni nyepesi. Siku kazi inapokamilika, gari lipelekwe katika barabara kuu yenye mawe ya kilometa, lisafiri kilometa 20 kwa hesabu ya mawe, na Katibu aandike spidomita imeonyesha ngapi. Kilometa 20 zikigawanywa kwa namba hiyo, hupatikana kipimo cha kusahihisha. Kipimo hicho kiandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari la safari, pamoja na tarehe na sahihi za Katibu na dereva, na kila jumla ya mwezi izidishwe kwa kipimo hicho. Matumizi ya mafuta nayo yapimwe upya, maana gari lililobadilishwa gia halili kama zamani.

8. WAJIBU WA KAMATI

Kabla ya kuidhinisha kazi, Kamati ipatiwe kwa maandishi: matokeo ya uchunguzi wa mambo manne, hesabu ya uwiano wa sasa na wa baadaye, bei za vipuri kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja, na jina la fundi atakayerekebisha pinioni, kwa maana difu isiyopimwa sawasawa hulia na kusagika mapema. Fedha zitoke katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Kampuni ya bima iarifiwe. Vipuri vilivyotolewa ni mali ya chama. Viandikwe katika orodha ya mali na kurudishwa stoo. Oili ya gia imwagwe na kuwekwa mpya baada ya safari za mwanzo, kwa kuwa chembe za chuma cha gia mpya huingia ndani yake.

Mwisho, dereva afundishwe. Gia ya chini isiyotumiwa ni fedha ya chama iliyofukiwa chini ya gari.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Gari lina gia namba moja ya 3.68, giaboksi ndogo ya 2.35, na difu za 3.54. Uwiano wake wa jumla utakuwa ngapi difu zikibadilishwa kuwa 4.7?

2. Gurudumu la nyuma limezungushwa mara 20 na propela ikazunguka mara 47. La mbele limezungushwa mara 20 na propela ikazunguka mara 35 na nusu. Kamati imwambie nini dereva leo hii, kabla mvua haijanyesha?

3. Katika kilometa 20 za mawe ya barabara, spidomita imeonyesha 25. Kipimo cha kusahihisha ni ngapi? Daftari likionyesha kilometa 900 kwa mwezi, safari za kweli ni kilometa ngapi?

4. Je, gari la chama chenu limewahi kubadilishwa matairi au difu? Iliandikwa wapi?